Vifaru wa Lewa na Hesabu ya Ardhi

Kila mwezi wa Juni kuna wikendi moja ambapo Instagram ya Nairobi inahamia Lewa. Watu unaowajua, wale ambao Jumatatu hadi Ijumaa hukimbia tu kushika matatu, unawaona wana namba kifuani, vumbi hadi magotini, na nyuma yao nyasi za manjano zinaenda hadi zinakutana na Mlima Kenya. Mbio za Lewa zilianza mwaka 2000. Njia yake inapita katikati ya makazi ya vifaru, ndovu na simba, huku ndege na helikopta zikizunguka juu kuhakikisha hakuna mkimbiaji anayegeuka kitoweo.

Waulize hao wakimbiaji Lewa ni nini, wengi watakujibu kwamba ni mbuga ya wanyama. Si mbuga. Mbuga ni ya serikali. Lewa ilikuwa ranchi ya ng'ombe, mali ya familia moja, na jinsi ilivyogeuka kuwa kimbilio la vifaru ni mojawapo ya stori kubwa za uhifadhi Afrika Mashariki. Pia ni stori ya ardhi, na katika nchi hii stori ya ardhi haijawahi kuwa ya familia moja.

Husimuliwa kwa njia mbili. Kuna ile ya vitabu vya watalii: familia yenye moyo mkuu iliona vifaru wanaisha, ikatoa shamba lake, ikawaokoa. Halafu kuna ile ya Twitter: wazungu walinyakua ardhi, wakafuga ng'ombe mpaka wakachoka, kisha wakabadilisha jina la unyakuzi na kuuita uhifadhi. Nimezisoma zote mbili kwa muda mrefu. Kila moja ina ukweli ndani yake, na kila moja hukatwa mahali panapomfaa anayesimulia. Kwa hivyo acha tuende polepole, mwaka kwa mwaka.

Kabla ya 1922

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliandikishana mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele. Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa, kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, ili walowezi wakae karibu na reli. Wakagawanywa mafungu mawili: wengine kusini, wengine kaskazini huko Laikipia. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo ungedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo duniani.

Ulidumu miaka 7.

Walowezi walipoiona Laikipia waliitaka nayo. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na hadi kufikia 1913 watu takriban 10,000 walikuwa wamesukumwa kwenda kusini pamoja na ng'ombe zaidi ya 170,000 na kondoo wapatao milioni moja. Walipitishwa kwenye nyanda za juu za Mau, kwenye mvua na baridi, na watu na mifugo walikufa njiani.

Wamaasai hawakukaa kimya. Kundi lililoongozwa na Ole Njogo lilienda mahakamani kupinga uhamisho huo. Mwaka 1913 mahakama ikajibu kwamba mikataba ile ilikuwa makubaliano kati ya mataifa mawili huru, kwa hivyo korti ya koloni haikuwa na uwezo wa kuisikiliza kesi. Fikiria hilo kidogo. Unaondolewa kwenye ardhi yako kwa sababu umetawaliwa, halafu ukienda kulalamika unaambiwa wewe ni taifa huru, nenda kaongee kama taifa. Katika lekcha za historia nilizohudhuria kabla sijaacha chuo, kesi hii ilipewa dakika kama tano. Nilitamani ipewe muhula mzima.

Si kila mtu aliondoka. Upande mkavu wa kaskazini, Mukogodo, uliachiwa Wayaaku na vikundi vingine vinavyoongea Kimaa. Walowezi hawakuutaka sana kwa sababu mvua huko ni ya kubahatisha. Shika jina hilo la Mukogodo, tutalirudia.

Lewa iko pembeni mwa nyanda hizi, mahali ambapo Meru, Laikipia na Isiolo zinakutana. Hapo ndipo familia yetu inapoingia.

Mzungu na ng'ombe wake

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikuwa na maaskari wengi waliorudi vitani na haikuwa na cha kuwapa. Mwaka 1919 ikaja na mpango wa kuwapa ardhi Kenya. Mashamba yaligawiwa kwa bahati nasibu, na mengi ya mashamba ya walowezi yalitolewa kwa hati za miaka 999. Ukipenda, piga hesabu hiyo mwenyewe: hati ya 1919 ingeisha mwaka 2918.

Familia ya Douglas ilifika kwenye ardhi inayojulikana kama Lewa Downs mwaka 1922. Baadaye ardhi ikawa chini ya Delia, aliyezaliwa katika familia hiyo, na mumewe David Craig, ambao walianza kuisimamia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe tu, kwa zaidi ya nusu karne.

Hapa lazima uelewe akili ya mfugaji wa biashara. Yeye huhesabu nyasi. Kila pundamilia anayekula ni nyasi ambayo ng'ombe hatakula. Kila simba ni ndama aliyepotea. Ndiyo maana katika mashamba mengi ya walowezi wanyama walipigwa risasi au wakafungiwa nje kwa seng'enge. Akina Craig waliwaachia wanyama nafasi pamoja na ng'ombe, na wakaanza kupokea watalii kama biashara ya pembeni. Hilo lilikuwa chaguo lao, na linafaa kuandikwa kwamba walilifanya wakati majirani wengi walichagua vingine.

Chaguo hilo likawa gumu zaidi baadaye. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyama. Kuanzia hapo mwenye shamba hakuweza kupata hata shilingi kutokana na mnyamapori isipokuwa mtu alipe kumtazama. Kama huna watalii, twiga wako ni hasara inayotembea. Haishangazi kwamba utafiti uliofuatilia wanyama katika maeneo ya malisho ya Kenya kuanzia 1977 hadi 2016 ulikuta wamepungua kwa karibu asilimia 70.

Na kuna jambo lingine ambalo husemwa kwa sauti ndogo. Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kugawanywa. Ukitoka Nanyuki kuelekea Timau unaona matokeo yake: ploti, nyumba za mabati, viazi, ngano, maduka ya mpesa. Ranchi za upande mkavu hazikugawanywa kwa kiwango hicho, kwa sababu ekari 5 zisizo na mvua haziwezi kulisha mtu. Lewa ikabaki kipande kimoja kikubwa. Kifaru haishi kwenye ploti. Kwa hivyo miaka ya 1980 ilipofika na mtu akahitaji mahali pakubwa, penye mwenye mamlaka mmoja anayeweza kusema ndiyo bila kuitisha kikao, palikuwepo. Palikuwepo kwa sababu ya 1911 na 1922. Hii ndiyo sehemu ambayo kitabu cha watalii hukata.

Jambia

Kufikia mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 hivi. Kabla miaka ya 1980 haijaisha walikuwa hawafiki 400. Miaka 20 haijafika, na mnyama aliyekuwa kila mahali kuanzia Tsavo hadi Marsabit amekuwa hadithi.

Pembe zilienda wapi? Nyingine zilienda Asia ya Mashariki kuwa dawa. Nyingine zilivuka bahari kwenda Yemen kutengeneza mipini ya majambia. Watu wa Pwani wanalijua neno hilo vizuri, kwa kuwa jambia limevuka Bahari ya Hindi na majahazi kwa karne nyingi. Kule Yemen jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru lilikuwa la wachache wenye uwezo. Kisha bei ya mafuta ikapaa mwaka 1973, vijana wengi wa Yemen wakaenda kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na doo, na kila mmoja akataka jambia la mkubwa. Bei ya mafuta inapanda Riyadh, kifaru anaanguka Samburu.

Kaskazini mwa Kenya bunduki zilikuwa nyingi na serikali ilikuwa mbali. Vifaru waliosalia walikuwa mmoja mmoja, hapa dume, kule jike, wamejificha vichakani bila hata nafasi ya kukutana na kuzaana. Mnyama wa namna hiyo, hata kama yu hai leo, kizazi chake kimeshakufa.

Mwanamke wa Kiingereza aitwaye Anna Merz, aliyekuwa ameishi Ghana kwa miaka mingi na kuja Kenya kustaafu mwaka 1976, hakuweza kuvumilia alichokiona. Alikuwa na pesa, hakuwa na ardhi. Familia ya Craig ilikuwa na ardhi. Mwaka 1983 wakakubaliana kutenga ekari 5,000 upande wa magharibi wa ranchi na kuzungushia ua wa umeme. Merz ndiye aliyelipia mradi. Mahali hapo pakaitwa Ngare Sergoi.

Vifaru wakaanza kuletwa. Kumkamata kifaru si kazi ya mzaha: unamtafuta, unampiga sindano ya usingizi kutoka angani, unamfikia kabla hajalalia kifua chake mwenyewe akakosa pumzi, unamwingiza kwenye sanduku la mbao, unamsafirisha kwa lori kwenye barabara mbovu, halafu unaomba Mungu aamke. Ukitaka kujua hatari yake, kumbuka mwaka 2018, wakati serikali ilipohamisha vifaru 11 hadi Tsavo Mashariki na wote 11 wakafa. Hiyo ilikuwa na teknolojia ya karne hii. Hawa wa 1983 walikuwa wanajifunza wakifanya.

Mwaka 1985 jike mmoja alimkataa mtoto wake. Merz akamchukua, akamlea kwa chupa ndani ya nyumba yake, akampa jina la Samia. Samia akakua, akarudi porini, akazaa. Ni stori tamu na imeandikwa sana. Ambayo haijaandikwa sana ni ya wafuatiliaji, vijana wa Kimeru, Kimaasai, Kisamburu na Kiturkana waliokuwa wakiamka kabla ya jua kumtafuta kila kifaru kwa nyayo zake, wakimtambua kwa mikato ya masikio, wakiandika yuko wapi na yuko na nani. Ua hauwezi kumlinda kifaru peke yake. Anayemlinda ni mtu anayejua kwamba jana alikuwa kwenye mto ule na leo hayupo. Familia ilitoa ardhi, Merz alitoa pesa, na watu hawa walitoa usiku wao, miaka nenda miaka rudi, kwa mshahara wa askari. Ukiona orodha ya mashujaa wa Lewa isiyowataja, ujue ni orodha fupi.

Hesabu inayopendeza

Mwaka 1988 eneo la vifaru liliongezwa hadi ekari 10,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ua ukazunguka ranchi yote. Mwaka 1995 Lewa Downs ikaacha kuwa ranchi ya familia ya kawaida na kuwa Lewa Wildlife Conservancy, shirika lisilo la faida, chini ya uongozi wa Ian Craig, mtoto wa David na Delia. Pamoja na msitu wa Ngare Ndare, eneo lake ni ekari takriban 62,000. Mwaka 2013 Lewa na Ngare Ndare ziliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2014 ua uliokuwa kati ya Lewa na ranchi jirani ya Borana ukang'olewa, wanyama wakapata ekari 93,000 za kutembea.

Wimbi la ujangili lililoanza tena mwishoni mwa miaka ya 2000, safari hii likisukumwa na soko la Asia, liligonga hadi Lewa. Vifaru waliuawa. Ulinzi ukaongezwa, bunduki zikaongezwa, mbwa, redio, ndege. Wimbi likapungua.

Leo Kenya ina vifaru weusi zaidi ya 1,000, na vifaru kutoka Lewa wamesaidia kuanzisha makundi mapya kwingine. Sera, huko Samburu, ilipokea vifaru mwaka 2015 na kuwa kimbilio la kwanza la vifaru weusi Afrika Mashariki linalomilikiwa na jamii yenyewe. Vilevile sehemu kubwa ya pundamilia wa Grevy waliobaki duniani, wale wenye milia myembamba na masikio ya mviringo, zaidi ya mmoja kati ya kumi, wako Lewa. Duniani kote wamebaki 3,000 hivi.

Halafu kuna ile njia ya ndovu. Ndovu wa Mlima Kenya na ndovu wa Lewa ni jamii moja iliyotenganishwa na mashamba na barabara kuu ya kwenda Meru. Lewa na mashamba jirani, Kisima na Marania, walitenga ukanda wa kilomita kama 14, na chini ya lami ikajengwa njia ya kupitia ndovu. Ilianza kutumika mwanzoni mwa 2011. Ndovu dume wa kwanza kupita alipewa jina la Tony. Ukipita hapo kwa matatu huoni kitu, unasikia tu dereva amebadilisha gia, na huenda chini ya viatu vyako kuna tani 5 zikitembea kimya.

Hizi si propaganda. Ni vitu vilivyopo. Mtu anayesema Lewa ni uongo mtupu hajamwona kifaru mweusi na mtoto wake saa kumi na mbili asubuhi.

Nje ya ua

Kwa hivyo shida iko wapi? Kwa maoni yangu shida kubwa haikuwa ndani ya ua. Ilianza familia na mfumo wake zilipotoka nje kwenda kwenye ardhi ya wengine.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tukumbuke Mukogodo. Jirani na Lewa upande wa kaskazini kuna Il Ngwesi, ranchi ya kikundi ya Wamaasai. Mwaka 1996, kwa msaada wa Lewa na shirika la serikali la wanyamapori, watu wa Il Ngwesi walifungua loji yao wenyewe, wakatenga sehemu ya malisho kwa wanyama, wakaajiri walinzi wao. Faida ikaenda kwa karo na zahanati. Mwaka 2002 walishinda tuzo ya kimataifa ya Equator. Samburu nao wakaunda Namunyak mwaka 1995, ambako baadaye, mwaka 2016, kikaja kituo cha Reteti cha kulea watoto wa ndovu.

Mwaka 2004 Ian Craig na wenzake wakaanzisha Northern Rangelands Trust, NRT, shirika mama la kusaidia hifadhi za jamii. Watu wa kaskazini huziita tu konsavansi. Kutoka chache, zikafika zaidi ya 40, kuanzia Baringo hadi Pwani, zikichukua eneo kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Pesa zilitoka nje: USAID, mashirika ya uhifadhi ya Marekani, marafiki wa Uingereza. Lewa haijawahi kukosa marafiki. Mwanamfalme William alikuja kukaa hapo akiwa kijana mwaka 2001, na milango kama hiyo ikifunguka huwa haifungi haraka.

Sasa angalia tofauti. Lewa, familia iliamua juu ya ardhi ambayo hati yake ilikuwa mkononi mwao. Kwa jinsi hati ile ilivyopatikana unaweza kubisha hadi kesho, lakini uamuzi ulimgusa mwenye hati. Kule Merti, Garba Tulla au Samburu, ardhi ni ya jamii. Mfugaji wa Kiborana hana hati mfukoni. Ana deda, baraza la wazee linaloamua nani achunge wapi, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Huo nao ni utunzaji wa ardhi, tena wa zamani kuliko ranchi yoyote. Ukija na ramani mpya, bodi mpya, meneja mpya na walinzi wenye bunduki, hata ukija na nia nzuri na pesa za shule, umeleta serikali ya pili.

Malalamiko yalianza kusikika. John Mbaria na Mordecai Ogada waliandika kitabu mwaka 2016 kuhusu uongo wa uhifadhi Kenya, na ghafla vijana wakapata lugha ya kuzungumzia jambo ambalo wazee wao walikuwa wakililalamikia barazani. Mwaka 2021 ripoti ya Oakland Institute ilitoa tuhuma nzito dhidi ya NRT, zikiwemo za ukatili wa walinzi. NRT ilizikanusha. Mwaka huo huo wakazi wa Isiolo walipeleka kesi mahakamani.

Juu ya hayo kukaja kaboni. NRT ilianzisha mradi wa kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na nyasi: wafugaji wachunge kwa zamu iliyopangwa, udongo ushike kaboni, kampuni kubwa za nje zinunue. Wakosoaji waliuliza swali rahisi: kama wafugaji walikuwa tayari wanachunga kwa zamu chini ya deda, ni nini kipya kinachouzwa? Shirika la Verra linalothibitisha miradi kama hii lilisimamisha mradi huo kwa ukaguzi mwaka 2023, na tena mwaka 2025.

Kisha Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo ikatoa uamuzi. Hifadhi mbili zilizo chini ya NRT, Biliqo Bulesa na Cherab, zilikuwa zimeanzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo haukugusa ardhi ya Lewa. Lakini ukiuweka kando ya ule wa 1913, unasikia kitu. Miaka 112 kabla, wafugaji waliambiwa korti haina uwezo wa kuwasikiliza. Safari hii wafugaji waliingia kortini kama wenye ardhi, na wakasikilizwa kama wenye ardhi.

Nani mwenyeji?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Familia ya Craig inaweza kuidai methali hiyo kwa haki fulani: vifaru walipona. Lakini methali ina watu wawili ndani yake, na karne nzima imepita huku tukibishana nani mgeni na nani mwenyeji. Kizazi cha sasa cha familia hizi ni Wakenya, wamezaliwa hapa na watazikwa hapa. Hiyo haifuti 1911. Na 1911 nayo haiwafufui vifaru 19,000 waliokufa wakati serikali huru ya Kenya ilikuwa imeshika usukani.

Wapo wanaosema dawa ni kugawanya ranchi zote. Naelewa hasira yao. Mwaka 2017, ukame ulipokaza, wafugaji wenye bunduki waliingia ranchi za Laikipia. Watu walikufa, wanyama walikufa, na mwandishi Kuki Gallmann akapigwa risasi kwenye ardhi yake mwenyewe akapona. Ukiacha watu waangalie nyasi ndefu ng'ambo ya ua huku ng'ombe wao wanakufa, usishangae. Ila kugawanya ekari 62,000 kavu kuwa ploti kutamlisha nani? Dalali, labda. Mfugaji anahitaji nafasi kama kifaru anavyoihitaji. Kwa hilo wawili hao wana adui mmoja, naye ni seng'enge.

Kwangu mimi funzo liko Il Ngwesi. Kwa nini ushirikiano wa pale umesimama karibu miaka 30 wakati wa Biliqo Bulesa umefika kortini? Sababu haziwezi kuwa moja, lakini moja ni kubwa: Il Ngwesi walikuwa na hati ya kikundi kabla loji haijajengwa. Walipokaa mezani na Lewa walikaa kama jirani na jirani, kila mmoja akiwa na karatasi yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipopitishwa mwaka 2016, Il Ngwesi wakawa miongoni mwa jamii za kwanza kusajili ardhi yao chini yake. Sehemu kubwa ya kaskazini bado haijasajiliwa. Ardhi inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya watu, na mtu mwenye mradi na suti nzuri anaweza kuongea na kaunti, au na wazee watatu, na kusema jamii imekubali.

Kwa hivyo mpangilio una maana. Hati kwanza, kisha hifadhi. Ukianza na hifadhi, hata iwe na vifaru wangapi, umejenga juu ya mchanga, na siku mfadhili akiondoka utajua. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, mmoja wa wafadhili wakubwa wa NRT alitoweka ndani ya miezi michache. Walinzi wanaolipwa kutoka Washington walikuja kujua wao ni wa nani. Anayebaki wakati huo ni mchungaji, kwa sababu hana pa kwenda.

Lewa yenyewe ilijifunza jambo hili mapema kuliko inavyopewa sifa. Ilipokuwa ranchi ya familia, kila kitu kilitegemea pumzi ya mtu mmoja na watoto wake. Mwaka 1995 walikubali kuifanya kitu kinachoweza kuishi bila wao. Hiyo ndiyo sehemu ya urithi wao ninayoiona kubwa kuliko hata ua wa 1983. Swali lililobaki kaskazini ni hilo hilo, sasa likiulizwa kutoka upande wa pili: kama familia moja iliweza kuachia ranchi yake ili kifaru aishi, wizara na kaunti zinashindwaje kuwakabidhi wafugaji hati ya ardhi ambayo tayari ni yao?

Juni ikifika, kimbieni. Pesa za mbio husaidia shule, zahanati na walinzi, na miguu itauma vizuri. Mkimaliza, kabla ya kupanda gari la kurudi Nairobi, tazameni upande wa kaskazini ambako mlima unaisha na joto linaanza. Huko kuna jamii zinazosubiri karatasi moja kutoka Ardhi House. Baadhi yao zimeisubiri tangu 2016. Nyingine, ukiwauliza wazee, watakuambia tangu 1904.